Redio ya Wakaaji au Redio ya Wasemaji? Uhakiki wa Hoja ya Leseni ya Redio ya Jamii ya Kifaransa Mjini Kigali

Mjadala wa kutoa leseni kwa redio ya jamii ya Kifaransa mjini Kigali hukwama mapema, na hukwamia kwenye neno dogo: "jamii". Sisi wa Kiswahili tunalitumia neno hili kwa mambo mengi mno. Jamii ni watu wote wa nchi; jamii ni majirani wa mtaa mmoja; jamii ni ukoo; jamii ni hata kundi la vitu vinavyofanana, kama wanaisimu wanaposema lugha za jamii ya Kibantu. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili akisikia "redio ya jamii" hashtuki. Kila mmoja anajichukulia maana anayoitaka na maisha yanaendelea.

Kwa Kinyarwanda mambo si hivyo. Redio ya namna hii huitwa "radiyo y'abaturage", na abaturage ni watu wenye makazi mahali fulani, kutokana na kitenzi "gutura", kukaa. Ni redio ya wakaaji. Kwa Kifaransa huitwa "radio communautaire", na hapo "communauté" ni kundi linalojitambua kuwa kundi, kwa lugha, kwa imani au kwa asili, hata kama watu wake wametawanyika mji mzima. Majina matatu, na kila jina linamtaja mwenye redio tofauti.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba utaratibu wetu wa leseni umejengwa juu ya maana ya Kinyarwanda, yaani redio ya wakaaji, na una sababu nzito ya kuwa hivyo. Lakini sababu hiyo imesomwa nusu. Nusu iliyoachwa bila kusomwa inawagharimu wasemaji wa Kifaransa wa Kigali leo, nasi wa Kiswahili tuko nyuma yao katika foleni hiyohiyo.

Tuanze na majina ya redio zenyewe, maana majina ni ushahidi wa bure. RC Huye, RC Rusizi, RC Musanze, RC Nyagatare, RC Rubavu: redio za jamii zilizo chini ya shirika la utangazaji la taifa, RBA, na kila moja imebeba jina la wilaya yake. Zile zisizo za serikali zina majina yenye ladha zaidi, kama Radio Izuba ya Ngoma, Radio Ishingiro ya Gicumbi, Radio Isangano ya Karongi, lakini ukimwuliza mtu ni redio ya akina nani, atakujibu kwa kutaja mahali. Mahali ndio utambulisho. Mkulima wa Musanze anataka kujua bei ya viazi vyake, wa Nyagatare anataka habari za ng'ombe na mvua, na redio ya karibu inamjibu. Lugha haiulizwi kwa sababu jibu linajulikana kabla ya swali: zaidi ya asilimia 99 ya wananchi wanasema Kinyarwanda.

Katika nchi ya namna hii, mtu anayesema "tunaomba redio ya jamii kwa sababu ya lugha yetu" anasikika kama anayejitenga. Na kujitenga, hapa kwetu, si neno la kuchezea. Sheria ya kuadhibu ubaguzi na migawanyiko ipo tangu mwaka 2001. Ile ya itikadi ya mauaji ya kimbari ilitungwa 2008 na imeandikwa upya baadaye, mara ya mwisho 2018. Mwombaji anaweza kuandika "communauté" akiwa na Brussels au Montréal kichwani. Afisa anayepokea barua hiyo Kigali anaisoma akiwa na mwaka 1994 kichwani. Hakuna kati yao anayekosea kusoma. Wanasoma neno moja katika kamusi mbili.

Hofu hiyo ina jina, na jina lenyewe ni la Kifaransa: Radio Télévision Libre des Mille Collines. Kampuni iliundwa tarehe 8 Aprili 1993, na redio ikaanza kusikika Kigali tarehe 8 Julai mwaka huohuo. Wanafunzi wa lugha tungeweza kulifundisha jina hili muhula mzima. "Télévision": televisheni haikuwahi kuwepo. "Libre", yaani huru: mwenye hisa nyingi kuliko wote alikuwa Rais Juvénal Habyarimana mwenyewe. "Mille Collines", vilima elfu, ni jina la mapenzi la nchi nzima, limechukuliwa na kampuni. Mgeni asiyejua historia, akisoma jina hili kwenye orodha ya masafa, angedhani amekutana na redio ya jamii ya wasemaji wa Kifaransa.

Nayo ilijinadi hivyo hasa, kama sauti ya raia wa kawaida. Hisa ziliuzwa kwa watu. Wakati Radio Rwanda ilisoma taarifa kama mtu anayesoma barua ya ofisi, watangazaji wa RTLM waliongea kama watu walio barazani, kwa utani, kwa majina ya mtaani na muziki wa kupendeza. Lugha yao kuu ilikuwa Kinyarwanda, maana huwezi kumfikia mtu wa kilimani kwa Kifaransa cha shule. Kifaransa kilikuwepo pia. Mtangazaji aliyejulikana zaidi kwa lugha hiyo alikuwa Mbelgiji, Georges Ruggiu, aliyejiunga na redio mwanzoni mwa 1994. Mwaka 2000 alikiri makosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, kule Arusha, akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Sasa tuje kwenye matini ambayo hatuisomi vya kutosha, nami naona ni muhimu kuliko vipindi vyenyewe kwa swali letu la leseni. Ni mkataba kati ya serikali na RTLM. Ulitiwa saini tarehe 30 Septemba 1993. Fanya hesabu: redio ilikuwa imeshakuwa hewani karibu miezi mitatu. Katikati ya tarehe hizo mbili, tarehe 4 Agosti, serikali hiyohiyo ilitia saini Mkataba wa Amani wa Arusha, ambao redio hiyo iliupinga. Karatasi iliyopaswa kuwa mlango ilitundikwa ukutani wakati mgeni ameshaingia sebuleni, amevua viatu na amewasha taa.

Ndani ya karatasi hiyo kuna maneno mazuri. Katika kifungu cha 5, RTLM inaahidi kutorusha vipindi vya kuchochea chuki, vurugu au mgawanyiko wa aina yoyote. Mtu akikupa sentensi hiyo leo bila kukuambia imetoka wapi, utasema ni sehemu ya mwongozo wa redio ya kisasa. Hakuna kilichopungua katika katazo. Tunapofundishwa uhakiki wa matini tunaambiwa tuulize kila sentensi ina mtendaji gani, na hapa ndipo penye shida: ahadi inatolewa na RTLM, na wa kuifuatilia ni waziri. Waziri gani, mwenye nguvu gani, mbele ya kampuni ambayo mwenye hisa mkubwa ni rais aliyemteua?

Waziri huyo alikuwa na jina, Faustin Rucogoza, na anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Alikuwa Waziri wa Habari, na aliusoma mkataba kama mkataba. Tarehe 25 Oktoba 1993, hata mwezi mmoja haujaisha tangu kutiwa saini, aliiandikia RTLM barua ya onyo. Tarehe 26 Novemba aliwaita wakuu wake kwenye kikao. Tarehe 10 Februari 1994 akawaita tena. Wakuu walikuja, wakasikiliza, wakajitetea, wakarudi kazini, na redio ikaendelea. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, siku moja baada ya ndege ya rais kutunguliwa, Rucogoza alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza kuuawa.

Somo tunalolichota katika habari hii kwa kawaida ni kwamba nchi iliruhusu redio kiholela na redio ikaangamiza watu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini RTLM haikuwa redio ya kundi dogo lililopenya kwenye tundu la sheria. Ilikuwa redio ya wenye nchi. Alison Des Forges, katika utafiti wake mkubwa juu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, anaeleza kwamba iliruhusiwa hata kutumia masafa ya redio ya taifa katika saa ambazo redio ya taifa haikuwa hewani. Redio gani ya jamii inapewa upendeleo huo? Kosa la 1993 halikuwa kuwapa leseni watu wengi mno, wala lugha nyingi mno. Mdhibiti alikuwa mdogo kuliko anayedhibitiwa. Leseni ilikuwepo, ila aliyeishika hakuwa na mkono.

Hukumu ya Arusha ya tarehe 3 Desemba 2003, iliyowatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, ilifuatilia kwa makini nani alikuwa na mamlaka juu ya redio. Rufaa ya 2007 ilipunguza adhabu na kufuta baadhi ya makosa, lakini swali hilo la nani ana mamlaka lilibaki katikati ya kesi.

Baada ya hapo nchi ilifanya jambo la busara: ilingoja. Sheria ya vyombo vya habari ya 2002 ilifungua mlango, na redio za kwanza za binafsi zikasikika 2004, Radio 10 ikitangulia. Mwaka 2013 zikaja sheria mpya, pamoja na ile ya haki ya kupata habari, na wanahabari wakaunda tume yao ya kujisimamia. Leseni na masafa vikabaki mikononi mwa RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma. Mdhibiti wa leo si Rucogoza. Anao mkono. Mwaka 2018 redio moja ya kidini ya Kigali, Amazing Grace FM, ilirusha mahubiri yaliyowatukana wanawake mwishoni mwa Januari. Ikasimamishwa, na mwezi wa Aprili leseni ikafutwa. Unaweza kubishana juu ya ukali wa adhabu, ila huwezi kusema sheria haikusikika.

Kwa hiyo hofu ya kwamba redio ya jamii ya lugha fulani itageuka RTLM haiendani na mfumo tulio nao. Tunaogopa ugonjwa wa mdhibiti dhaifu wakati tuna mdhibiti mwenye nguvu. Mdhibiti mwenye nguvu ana ugonjwa wake mwingine, na huo ndio unaopaswa kumshughulisha mpenzi wa redio ya Kifaransa.

Tuangalie matukio mawili. Novemba 2006, jaji wa Ufaransa, Jean-Louis Bruguière, alitoa hati za kukamatwa kwa maafisa wa Rwanda. Tarehe 24 mwezi huo Rwanda ikavunja uhusiano na Ufaransa. Siku chache baadaye masafa ya FM ya Radio France Internationale yakanyamaza Kigali, na pamoja nayo shule ya Kifaransa na kituo cha utamaduni vikafungwa. Uhusiano ulirejeshwa Novemba 2009, na baada ya hapo RFI ikarudi hewani. Tukio la pili ni la Oktoba 2014: BBC ya Uingereza ilionyesha filamu ya televisheni juu ya Rwanda iliyowaudhi wengi, wakiwemo manusura, kwa namna ilivyoyaeleza mauaji ya kimbari. Filamu ilikuwa ya Kiingereza na ilionyeshwa Uingereza. Kilichosimamishwa Rwanda ni matangazo ya redio ya BBC kwa Kinyarwanda, Gahuzamiryango, na mwaka 2015 RURA ikatangaza kwamba usimamishaji huo hauna kikomo.

Sihukumu hapa nani alikuwa na haki katika ugomvi wa mwanzo. Katika suala la filamu, hasira ya manusura naielewa vizuri. Ninachotaka tukione ni njia ambayo adhabu ilipita. Mara ya kwanza kosa lilikuwa la jaji wa Paris, aliyelipa ni msikilizaji wa Kifaransa wa Kigali. Mara ya pili kosa lilikuwa kwenye Kiingereza, aliyelipa ni msikilizaji wa Kinyarwanda wa kijijini. Adhabu ilikwenda kwenye lugha, siyo kwenye kauli, kwa sababu lugha ilikuwa ndiyo kitu pekee cha mkosaji kilichopo ndani ya mipaka yetu. Redio inayotoka nje ni balozi. Ubalozi ukifungwa, naye anaondoka.

Hapa hoja ya leseni ya jamii inageuka. Wanaopinga husema redio ya Kifaransa mjini Kigali itakuwa mguu wa Ufaransa. Nionavyo mimi, ni kinyume chake: kukosekana kwa redio ya namna hiyo ndiko kunakowaacha wasemaji wa Kifaransa mikononi mwa Ufaransa. Mtu wa Kimihurura anayetaka habari za jiji lake kwa Kifaransa anapata taarifa fupi za redio ya taifa, na kama anataka zaidi ya hapo, anafungua RFI na kuelezwa habari za nchi yake na mtu aliyeketi Paris. Redio yenye leseni ya Kigali, yenye bodi ya watu wa Kigali, inayoweza kuitwa kwenye kikao na RURA kesho asubuhi na kujibu kwa jina lake, ingekuwa ya kwetu kuliko lugha yake inavyoonyesha.

Na wasemaji hao ni akina nani? Darasani mara nyingi nasikia jibu la haraka: ni wazee waliosoma zamani, pamoja na mabalozi. Jibu hilo linanichosha. Ni kweli kwamba baada ya uamuzi wa Oktoba 2008 wa kufundishia kwa Kiingereza, vijana wengi wameondoka kwenye Kifaransa. Lakini piga hatua katika mabaraza ya Kigali. Kuna familia zilizorudi baada ya 1994 kutoka Burundi na Zaire ya wakati ule, ambazo watoto wake walianza shule kwa Kifaransa. Kuna wafanyabiashara wa Goma na Bukavu. Kuna wakimbizi wa Burundi waliokuja tangu 2015, wengine wakiwa waandishi wa habari ambao redio zao zilichomwa moto Bujumbura mwaka huo. Kuna Wasenegali na Wakameruni. Na mama wa Kikongo anayesuka nywele mtaani si balozi. Anaongea Kifaransa na mteja mmoja, Kiswahili na mwingine, na Kinyarwanda akijadili kodi ya chumba na mwenye nyumba.

Huyo mama ndiye anayenifanya nisikubali pia upande wa pili, wa wapenzi wa Kifaransa wanaotaka redio ya Kifaransa safi, ya mashairi na mijadala ya vitabu. Redio ya namna hiyo ni klabu. Ukitaka kuona redio ya jamii inayotumia Kifaransa inavyokuwa katika ukanda wetu, vuka Ruzizi uende Bukavu. Radio Maendeleo ilianzishwa huko 1993, mwaka uleule wa RTLM, na mashirika ya wenyeji. Jina ni la Kiswahili, matangazo ni ya Kifaransa, Kiswahili na lugha za wenyeji, na mada zake ni kilimo, afya, haki za raia. Ilifungwa zaidi ya mara moja na waasi wa RCD walipotawala mji, na ikafunguliwa tena. Miaka ileile, umbali wa saa chache kwa gari, redio mbili mpya: moja ina jina la Kifaransa na ikauwa watu kwa Kinyarwanda, nyingine ina jina la Kiswahili na ikawafundisha watu kilimo kwa lugha tatu na zaidi. Anayeamini lugha ndiyo inayoifanya redio iwe hatari, aieleze mifano hii miwili.

Kwa kuwa wengi hupenda kutolea mfano Kanada, nami nitaugusa, ila kwa kifupi, maana Kanada ni nchi ya lugha mbili zenye nguvu na sisi hatufanani nayo. Sheria yake ya utangazaji ya 1991 inasema mfumo wa utangazaji una sehemu tatu: ya umma, ya binafsi na ya jamii. Hata hivyo, mwaka 2008 kundi la wasemaji wa Kifaransa wa Ottawa liliponyimwa leseni ya redio ya jamii na tume ya CRTC, ambayo ilizipa nafasi redio za biashara, sheria nzuri haikuwasaidia yenyewe. Serikali iliirudishia tume uamuzi iutazame upya. Mwaka 2009 kundi likapata leseni, na mwaka 2010 redio ikasikika. Kinachonivutia ni mahali pa mabishano. Hakuna aliyeuliza kama wasemaji wa Kifaransa ni kundi halali. Waliuliza nani apewe masafa machache yaliyobaki mjini. Kwetu tungefurahi kufika kwenye swali hilo la pili, kwa sababu ni swali la kiufundi na lina majibu: vipimo, ramani, nguvu ya mtambo. Kigali ni mji wa vilima, na mtambo mdogo uliowekwa Rebero hauna haja ya kufika Huye.

Sasa kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ajisumbue na haya? Kuna wenzangu wanaoona kila nafasi anayopewa Mfaransa ni nafasi anayopokonywa Mswahili. Hesabu hiyo haikubaliani na historia ya karibuni. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria ya 2017, kikaingia katika orodha ambayo Kifaransa kilikuwemo tangu zamani. Julai 2022, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Arusha, waliridhia lugha mbili ziungane na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Jumuiya: Kifaransa na Kiswahili, katika tamko moja. Lugha hizi mbili zinapita mlango mmoja mara kwa mara, na anayeufunga kwa moja ataufunga kwa nyingine.

Zaidi ya hapo, sisi tuna kesi ngumu kuliko yao. Waswahili wa Nyamirambo na Biryogo ni wakaaji wa zamani sana wa mji huu. Watu wao walikuwepo mjini tangu enzi za Wajerumani na wafanyabiashara wa pwani, na kwa miongo mingi Kiswahili hapa kilichukuliwa kuwa lugha ya soko, ya Waislamu na ya barabarani. Leo ni rasmi, lakini urasmi wake uko zaidi kwenye gazeti la serikali na kwenye ratiba ya shule. Siku tutakapoomba redio ya Kiswahili kwa ajili ya Kigali, ombi letu litasomwa kwa kamusi ileile: hii ni redio ya wakaaji wa wapi? Tukijibu Biryogo, tutaambiwa tunataka redio ya Waislamu. Tukijibu wasemaji wote wa Kiswahili, tutaambiwa hao si abaturage wa mahali popote. Ndiyo maana naona ombi la Kifaransa, likitangulia na likajadiliwa vizuri, linatusafishia njia.

Nitaje kwa uwazi kile ambacho leseni ya namna hiyo ingepaswa kuwa nacho, maana uhakiki unaoishia kulalamika haumsaidii afisa aliye mezani. Kwanza ifafanue jamii kwa matumizi: watu wanaotumia Kifaransa katika jiji la Kigali, bila kujali asili, uraia wala dini. Neno "wanaotumia" ni bora kuliko "wa", kwa sababu mtu yeyote anaweza kulitumia na kuacha kulitumia, na hakuna anayezaliwa nalo. Umiliki uwekewe mpaka, asiwepo mwenye hisa mkubwa, na majina ya wenye redio yawe wazi kwa kila msomaji. RTLM ingekwama hapohapo. Fedha za ubalozi wowote zitangazwe hewani. Sehemu ya saa za kila siku iwe ya Kinyarwanda na Kiswahili, siyo tafsiri ya vipindi vya Kifaransa bali vipindi vyenyewe, ili mama msusi asilazimike kubadilisha redio kila anapobadilisha mteja. Na adhabu iandikwe iwe ya kauli: kipindi kikikosea, kisimamishwe kipindi, aitwe mtangazaji, iitwe bodi, na redio iwe na pa kukata rufaa nje ya ofisi iliyoiadhibu.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kigumu kukubaliwa, na wenzangu wawili waliosoma rasimu ya insha hii walinishauri nikitoe. Wanasema hakuna mdhibiti anayependa kuandikiwa mpaka wake. Jibu langu liko kwenye tarehe za Rucogoza. Barua ya Oktoba, kikao cha Novemba, kikao cha Februari: hakuwa na mtu wa tatu wa kumpelekea shauri lake. Mahakama au baraza huru lililo nje ya wizara na nje ya kampuni lingemlinda mdhibiti wa 1993 dhidi ya redio yenye nguvu kuliko yeye, na chombo hichohicho kingeilinda redio ndogo ya leo dhidi ya mdhibiti mwenye nguvu kuliko yenyewe.

Kuhusu fedha sina mengi. Matangazo ya biashara ya Kigali yanafuata Kinyarwanda na Kiingereza, na redio ya Kifaransa ya jamii itaishi kwa michango, kwa kazi za kujitolea na kwa vyuo. Hapo ndipo idara za lugha zinaweza kuingia. Radio Salus, iliyoanzishwa 2005 katika chuo kikuu kule Huye, imewafundisha kazi watangazaji wengi wa nchi hii. Wanafunzi wa Kifaransa na wa Kiswahili, wakigawana studio moja na masafa mamoja, wangeweza kuandika ombi moja badala ya mawili, na afisa wa RURA angelazimika kutafuta, katika neno "abaturage", nafasi ya watu wanaokaa Kigali na kuongea zaidi ya lugha moja, ambao kwa kweli ndio wengi wa wapita njia utakaokutana nao ukitoka ofisini kwake.